Gari Lililomkodolea Macho Oddgeir

Watu wa bonde letu la Lauvdal walikuwa na hakika kwamba Oddgeir Haugen amepata kiburi, na kwamba kiburi chenyewe kimetoka kwenye gari.

Barabara yetu ni ya gari moja. Huku mwamba, kule ghuba. Kila baada ya kipande fulani pamepanuliwa kidogo, na hapo ndipo mnapishana: mmoja anajibanza, mwenzake anapita, na anayepita anainua mkono. Si lazima mkono mzima. Vidole viwili juu ya usukani vinatosha. Hata mtu ambaye koo zenu zimegombania mpaka wa shamba tangu enzi za babu, unamwinulia vidole viwili, kisha unamtukana akishapita. Usipoinua, utasemwa mpaka Pasaka.

Oddgeir alikuwa ameacha kuinua.

Huyu ni mtu aliyeendesha basi la bonde hili maisha yake yote ya kazi. Mimi mwenyewe nilipanda basi lake nikienda shule, hadi nilipoamua shule inatosha. Enzi hizo aliwapungia mkono hata kondoo. Alipostaafu, basi nalo likastaafishwa, kwa sababu wakubwa walisema abiria hawatoshi. Likabaki lile la shule tu, ambalo linaelekea ndani ya bonde, si mjini. Oddgeir akanunua gari la umeme, lile linalojishikia njia lenyewe na kujipunguzia mwendo lenyewe, wewe unakaa na kuegesha mikono kwenye usukani. Muda si mrefu, salamu zikakoma.

"Nimejibanza kwenye mwamba mpaka kioo cha pembeni kimekwaruzika," alisema Eilif siku moja pale kwa Jorunn. Eilif ni dereva wa lori la maziwa, mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya ghuba. "Yeye huyoo, kapita kama mfalme anakwenda kutawazwa. Hata jicho hakunitupia."

"Labda gari ndilo lilikuwa linaendesha," alisema Jorunn. Kibanda chake zamani kilikuwa kituo cha mafuta. Sasa pampu zimeng'olewa, zimewekwa nguzo za chaji, naye anauza kahawa na soseji kwa watu wanaongoja umeme ujae. "Gari halina mikono, Eilif."

"Yeye anayo miwili. Nimeiona. Imekaa tu kama mikate."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Kazi yangu ni kuvuta magari yaliyoharibika. Jina langu Leidulf, lakini wengi wananiita wakiwa na hasira, kwa hiyo naitikia majina mengi. Nina lori lenye winchi ya kuvutia na kitanda cha kubebea gari, na tangu magari ya umeme yajae huku kwetu sijakosa kazi. Si kwamba ni mabovu. Ni mazuri kuliko yale ya zamani. Tatizo ni kwamba hayatulii. Usiku, yakiwa yamelala kwenye chaji, yanapokea sasisho kutoka kwa watu ambao hujawahi kuwaona na hawajawahi kuiona barabara yako. Unalala na gari unalolijua, asubuhi unaamkia gari la mtu mwingine.

Mwezi wa Novemba lilikuja sasisho kubwa, na simu yangu haikupoa. Ragna, anayepiga kinanda kanisani, alikuta kitufe cha waipa hakipo pale kilipokuwa. Kilihamishiwa ndani ya skrini, ukurasa wa pili. Alikitafuta huku theluji mbichi inapiga kioo. Nilimkuta amekaa wima ndani ya mtaro, amevaa kofia yake, gari limeinama upande.

"Nimepata joto la kiti, Leidulf," aliniambia. "Nimepata redio ya Sweden. Waipa sikuipata."

Mwingine gari lake lilianza kuogopa kivuli cha daraja. Likikiona tu, linakanyaga breki lenyewe. Mara ya kwanza mama mkwe wake alikuwa amekaa nyuma, kapakata sufuria ya nyama ya kondoo na kabichi. Hakuumia mtu, lakini yule bwana hadi leo anasema gari linanukia kama sherehe. Na kuna aliyelala usingizi wakati kivuko kinavuka, sasisho likajiwasha, kivuko kikafika, gari likagoma kuamka. Magari yote ya nyuma yake yakavushwa kwenda na kurudi kama mizigo. Huyo alihama njia kabisa. Sasa anazunguka mlima.

Haya tuliyasimulia kwa Jorunn kila asubuhi na kucheka. Oddgeir hakuja kusimulia lake. Alinipigia simu.

"Leidulf, njoo uone. Gari limeanza kunifokea."

Nilimkuta uani kwake asubuhi kungali giza, kama ilivyo huku mwezi huo. Amevaa koti lake zuri, amenyoa ndevu, ila ameacha kipande kizima chini ya kidevu. Sikulitilia maanani. Mtu anayeishi peke yake hana wa kumwambia.

"Linafokaje?"

"Panda uone. Ni wakati wa kwenda kwa Magnhild hata hivyo."

Magnhild ni mkewe. Alikuwa kwenye kituo cha wazee kule mjini Brattnes, akili imemtoka kidogo kidogo mpaka ikaisha. Oddgeir alikwenda kila siku kumlisha uji wa asubuhi, akakaa hadi chakula cha mchana, akamlisha tena, akarudi. Hilo kila mtu alilijua.

Tukaondoka. Gari likashika njia lenyewe, taratibu, safi, katikati kabisa ya barabara. Lakini juu ya kioo cha mbele kulikuwa na kamera ndogo. Ilikuwepo tangu siku gari linanunuliwa, ila ilikuwa imelala. Sasisho la Novemba liliiamsha, na kazi yake ni kumtazama dereva machoni.

Hatukufika mbali. Kengele ikalia, skrini ikawaka rangi ya chungwa. *Tazama barabara.*

"Si naitazama!" alisema Oddgeir.

Ikalia tena, kwa nguvu zaidi.

"Naitazama, wewe shetani wa bati!"

Nikamgeukia. Mikono ilikuwa kwenye usukani, vizuri, kama dereva wa basi. Lakini kichwa amekigeuza kushoto, upande wa mwamba, kama kuku anavyogeuza kichwa kuiangalia punje.

"Mbona umegeuka hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Unaangalia mwamba, Oddgeir."

Mbele taa za lori zikatokea. Gari likapunguza mwendo lenyewe, likaingia kwenye upana wa kupishana, likasimama. Lori la maziwa likapita, na Eilif, kwa kuwa ni Eilif, akainua mkono mzima na kuuacha juu, makusudi, kama anayemdai mtu salamu. Oddgeir alikaa tu, mikono kama mikate.

"Humsalimii Eilif?"

"Eilif yupi?"

Lori lile limeandikwa jina la kiwanda cha maziwa kwa herufi zenye urefu wa mtoto. Ndani taa inawaka, na Eilif amevaa koti la njano la kung'aa.

"Unaona nini hapo mbele?" nikamuuliza. "Sema kweli, usinizungushe."

Akanyoosha kichwa mbele, kisha akakirudisha upande wa mwamba.

"Katikati hakuna kitu," akasema. "Kama mtu amechovya kidole gumba kwenye grisi akanipaka katikati ya jicho. Macho yote mawili. Pembeni naona. Nikigeuza kichwa naona ukingo wa barabara, naona nguzo za theluji zinazoonyesha njia, naona taa. Sura sioni. Yako sijaiona tangu mwaka juzi."

"Umekwenda kwa daktari?"

"Nilikwenda Bergen, kwa mtu wa macho ambaye hatujuani. Akasema hakuna dawa ya aina hii. Akaniuliza, unaendesha gari? Nikamwambia mke wangu ndiye anayeendesha." Akacheka, kicheko kibaya. "Mimi naona pembeni, gari linaona katikati. Tunagawana kazi. Miaka miwili tumegawana, na hatujamkwaruza hata paka. Sasa wamelituma linichungulie macho, na linaona macho yangu hayako pale yanapotakiwa. Mjinga huyu hajui kwamba nikitazama mbele ndiyo sioni!"

Kengele ikalia.

Nilikuwa tayari kumtoa kwenye usukani kwa nguvu. Nilimwambia tubadilishane viti, akakubali bila neno, na hilo ndilo lililonishtua kuliko yote. Nikaendesha mimi. Tukapita kituo cha Sagbekken, kile kibanda cha mbao ambako watoto wanangojea basi la shule, tukaingia kwenye handaki, tukatokea Brattnes.

Kule nikaona kwa nini haachi kuendesha.

Magnhild alikuwa kitini dirishani. Mwanamke aliyekuwa na mabega ya kubeba kondoo dume, sasa amebaki mfupa na sweta. Muuguzi, Torbjørg, alikuwa ameshika bakuli la uji na siagi juu.

"Nimejaribu kabla hujafika," alimwambia Oddgeir. "Mdomo kama umeshonwa."

Oddgeir akavuta kiti, akakaa karibu sana, kichwa amekigeuza vile vile kama kuku. Akachota uji. Kisha akasema, kwa ile sauti ya zamani ya kwenye basi, sauti niliyoisikia utotoni kila asubuhi:

"Kinachofuata, Støylen!"

Magnhild akafumbua mdomo.

"Kinachofuata, Kyrkjebø! Wa kanisani, shukeni kwa mlango wa nyuma!"

Akafumbua tena. Hivyo hivyo, kituo kwa kituo, bonde zima. Walikutana kwenye basi hilo, yeye akiwa msichana wa kiwanda cha samaki, na inaelekea hicho ndicho kipande pekee kilichobaki kichwani mwake. Alipofika Sagbekken bakuli lilikuwa nusu. Akarudi mwanzo wa njia, akaanza upya.

"Sisi tumejaribu kusema hayo hayo majina," Torbjørg aliniambia kwa sauti ya chini. "Hata tulimrekodi mzee kwenye simu. Anasikiliza, anaangalia mlango, anafunga mdomo. Anamtaka dereva mwenyewe."

Tukiwa tunarudi Oddgeir akasema, "Una utepe mweusi kwenye lori lako. Kipande kidogo tu. Nibandikie kwenye hiyo kamera."

"Sibandiki."

"Kidogo tu, kama ukucha."

"Nimesema sibandiki. Nitakupeleka mimi."

"Kila siku?"

"Siku nitakazoweza."

"Na siku usizoweza, ale nini?"

Nikaendesha.

Usidhani hatukutafuta njia. Gari la halmashauri la kubebea wazee huja bondeni mara mbili kwa wiki. Kituoni nilimuuliza Torbjørg kama Oddgeir anaweza kupata chumba pale pale, akasema vyumba ni vya wagonjwa. Aandike kwamba haoni, ndipo watafikiria. Oddgeir aliposikia akasema, "Nikiandika sioni, leseni inaondoka siku hiyo hiyo. Chumba kitakuja lini? Mwakani? Mimi ni kipofu wa kutosha kunyang'anywa gari, si kipofu wa kutosha kupewa kitanda."

Basi nikampeleka siku nilizoweza. Tulikubaliana kwamba siku nisipoweza anapanda gari la halmashauri kama lipo, au anampigia mtu mwingine simu. Alikubali kwa mdomo. Siku nisipoweza, alivaa miwani ya jua.

Sijui nani alimfundisha, labda aligundua mwenyewe. Kamera ikikuta miwani myeusi haioni mboni, kwa hiyo inaridhika na jinsi kichwa kilivyokaa. Oddgeir alijizoeza kunyoosha kichwa mbele na kuyageuza macho tu ndani ya miwani. Desemba, jua lenyewe hatulioni, limejificha nyuma ya mlima mpaka Februari, na yeye anapita kwa Jorunn akiwa na miwani ya jua.

"Kwanza hatusalimii, sasa anajificha," alisema Eilif. "Anaogopa tutamwomba saini."

"Muulize kama anatafuta dereva," alisema Jorunn.

"Mwacheni," nikasema.

"Wewe vipi? Na wewe umekuwa mtu wa mjini?"

"Nimesema mwacheni."

Nikatoka nje. Huku kwetu humpigii daktari simu juu ya jirani yako. Unaongea na jirani mwenyewe. Nilikwenda nyumbani kwake jioni ile nikamwambia: theluji ikianza kulala barabarani, funguo unanipa. Nguzo za ukingoni zikifunikwa, huna pembeni wala katikati. Akanimiminia kahawa, kidole chake kimetangulia ndani ya kikombe ili ajue kimejaa wapi.

"Theluji ikilala," akasema. "Sawa."

Theluji ikalala usiku mmoja, na usiku ule ule likaja sasisho jingine. Watu walikuwa wamelalamika juu ya ujanja huo, kumbe si Oddgeir peke yake aliyekuwa na miwani ya jua. Sasa gari likikuta miwani myeusi gizani linahesabu kuwa ni udanganyifu. Likikuonya mara kadhaa hukutii, linatoa adhabu: linaondoa ule msaada wote. Halishiki njia tena, halitazami mbele kwa ajili yako. Linakuacha na usukani peke yako kwa wiki nzima, ujifunze adabu.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sijalielewa. Gari limeona kwamba mtu huyu hatazami barabara. Limeona sawasawa. Sisi tulimtazama miaka miwili tukaona kiburi, lenyewe lilimtazama macho yake likajua. Halafu, baada ya kujua kwamba hafai kuendesha, likamwachia aendeshe.

Asubuhi ile nilikuwa juu mlimani navuta trela lililokunjika, hata funguo za Oddgeir sikuwa nimezichukua. Simu ya kituo cha dharura ikaniambia kuna gari limegonga kituo cha basi Sagbekken, halina mtu ndani. Nilijua ni gari gani kabla hawajaitaja rangi.

Kibanda kilikuwa kimelala. Mbao zimetawanyika kwenye theluji, nguzo yenye jina la kituo imepinda mpaka chini ya bampa. Gari limeingia ndani yake hadi kwenye benchi, pale watoto wanapokaa. Eilif alikuwa amesimamisha lori, amesimama na tochi, uso umemwishia damu.

"Basi la shule lilikuwa limetoka sasa hivi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Nimepishana nalo pale kwenye kona. Leidulf, sasa hivi tu. Msichana wangu anapandia hapa."

Nikafungua mlango wa gari. Skrini ilikuwa inawaka bado: *Msaada wa uendeshaji umesitishwa kwa siku saba.* Miwani ya jua ilikuwa chini, kwenye pedali.

"Amelewa?" Eilif akauliza. "Niambie amelewa, nimvunje shingo."

"Haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni, Eilif. Hajakuona tangu mwaka juzi. Wala wewe, wala mimi, wala mtu yeyote."

Akanitazama. Kisha akaitazama barabara, upande wa mahali pa kupishana, na mdomo wake ukafunguka bila kutoa neno. Alikuwa anahesabu salamu.

Nyayo zilitoka mlango wa dereva zikafuata ukingo, karibu karibu, nyayo za mtu anayepapasa kwa miguu. Zikaingia kwenye handaki. Humo theluji haifiki, kwa hiyo zikapotea, lakini kwenye ukuta, kwa kimo cha kiuno, palikuwa na mstari mmoja mrefu ambapo masizi yamefutika. Nikaendesha taratibu nikiufuata kwa taa. Haukukatika mpaka mwisho.

Oddgeir alikuwa kitini mwake kule Brattnes. Suruali imelowa hadi magotini, paji la uso limevimba, na kiganja cha kulia cheusi tii kama cha mchoma makaa. Alikuwa anamlisha kwa mkono wa kushoto. Torbjørg alikuwa amesimama pembeni na taulo, hakuthubutu kumkatiza.

"Kinachofuata, Tangen!"

Magnhild akafumbua mdomo.

"Ni nani mlangoni?" Oddgeir akauliza bila kugeuka.

"Mimi."

"Subiri. Vimebaki vituo vichache."

Nikasubiri. Akachota. Akaendelea mpaka kile kinachofuata kilikuwa Sagbekken, na hapo kijiko kikasimama hewani. Magnhild akangoja, mdomo wazi, kama mtoto.

"Niligonga nini, Leidulf?"

"Kibanda cha Sagbekken."

"Nilidhani ni lundo la theluji." Uji wa kijikoni ukadondoka kwenye sweta ya Magnhild. "Kulikuwa na mtu? Niliita, hakujibu mtu. Nilipapasa chini ya gari. Kulikuwa na mtu?"

"Hapana. Basi lilikuwa limeshapita."

"Muda gani?"

"Usiulize muda gani."

Magnhild akafunga mdomo. Oddgeir alisikia meno yanagusana, au sijui alijuaje, akainua kijiko tena.

"Piga simu kwa daktari," akaniambia. "Nilikuwa nikijiambia wewe ndiye utakayepiga, nikawa nakuchukia kila asubuhi kwa jambo ambalo hujalifanya. Piga. Ila bakuli liishe kwanza."

Bakuli likaisha. Nikatoka ukumbini nikapiga.

Leseni ilichukuliwa mchana ule ule, hapo hawakuchelewa. Ombi la chumba likaandikwa, likakaa kwenye foleni. Habari zilipofika kwa Jorunn, watu wa Lauvdal walifanya kile wanachojua kufanya wakiona aibu: walijitokeza wote kwa pamoja. Ragna alimpeleka. Eilif alimpeleka kwenye lori la maziwa, ingawa hairuhusiwi kubeba abiria, na njia nzima akamtajia kila anayepishana naye, "Huyu ni fulani, ameinua mkono," na Oddgeir anainua. Kuna asubuhi magari mawili yalifika uani kwake, wenye magari wakabishana nani amwachie nani. Krismasi ile Magnhild alikula samaki mzima wa kukausha, Torbjørg alisema hajawahi kuona.

Gari nililivuta hadi uani kwangu. Liko pale hadi leo. Hakuna anayeliendesha, lakini betri haijafa, na mara moja moja skrini inajiwasha inapokea mapya.

Januari ilipita. Februari watu wakaanza kurudi kwenye maisha yao. Hakuna aliyekataa, nataka hilo lieleweke. Hakuna hata mmoja aliyesema nimechoka. Ila kila mtu alijua kwamba wako wengi wanaompeleka, kwa hiyo asubuhi akiamka na haraka alijua mwenzake atakuwa ameshampeleka. Na Oddgeir hakumpigia mtu simu. Hakuwahi kuomba lifti maishani, yeye ndiye aliyekuwa akibeba watu. Alivaa koti zuri, akanyoa, akashuka kusimama barabarani, akangoja.

Mwanzoni mwa Machi niliteguka mgongo kwa winchi, nikalala kitandani. Wiki ile Oddgeir alifika Brattnes siku mbili za gari la halmashauri tu. Siku nyingine Torbjørg alijaribu na kijiko. Walimtundikia maji mkononi, Magnhild akachomoa. Kifua kikaingia ubaridi. Alifariki Ijumaa, na Oddgeir alikuwa amesimama barabarani.

Nilijikongoja hadi kwa Jorunn siku iliyofuata, sikuweza kukaa, nikaegemea kaunta. Walikuwepo Ragna, Eilif, na yule bwana wa mama mkwe. Hakuna aliyekuwa anakula.

"Jana nani alimpitia?" nikauliza.

Ragna akavua kofia yake, nami nikaendelea:

"Alisimama pale tangu giza. Torbjørg alimpigia simu hakupokea, alikuwa nje. Nani alipita?"

"Mimi nilipita," alisema Ragna. "Nilimwona. Nilidhani anamngoja Eilif."

"Mimi nilidhani anakungoja wewe," alisema Eilif.

"Mimi pia nilipita," akasema yule mwingine. "Nilipunguza mwendo kabisa. Nikamwinulia mkono."

"Na mimi," alisema Ragna. "Nilimwinulia mkono."

Jorunn aliacha kufuta kaunta. "Magari haya yenu hayana mlio," alisema. "Mnapita mtu hata hasikii. Kuna aliyeshusha kioo? Kuna aliyemwita jina?"

Eilif alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anakitazama ndani.

"Lori langu lina mlio," alisema. "Alinisikia. Aligeuza kichwa. Nikainua mkono, mzima, nikauacha juu." Akameza mate. "Naye akainua wake."

"Halafu?"

"Halafu nikapita."

Jorunn alimnyang'anya kile kikombe akakimwaga, ingawa kilikuwa bado kimejaa.